Mrejesho: sukari ya mama imeanza kushuka

Habari zenu ndugu zangu. Niliuliza kwa nini sukari ya mama, hapa Mikindani, inasoma 14 (mmol/L) kwenye kipimo asubuhi kabla hajala ilhali dawa anameza. Mkanishauri nimpime pia saa mbili zikipita tangu ale, na niandike kila kitu kwenye daftari.

Daftari ndilo lililotufumbua macho. Usiku akila ugali wa muhogo sahani nzima, inapanda mpaka 17. Tulipoupunguza ukawa kama ngumi yake, tukaongeza kisamvu na samaki wa kuchoma, haivuki 10. Kumbe muhogo nao ni wanga mtupu, sisi tulikuwa tunauogopa wali tu!

La pili liliniuma. Metformini, dawa yake ya sukari, ya jioni alikuwa anairuka kwa sababu ilimchafua tumbo, akaona haya kuniambia. Daktari kamwelekeza aimeze pamoja na chakula, asimeze tumbo tupu. Sasa ametulia.

Leo asubuhi imesoma 7.2. Miguu namkagua kila jioni, kidonda kisije kikajificha. Msimu wa mabibo, yale matunda ya mkorosho, ukifika nitarudi kwenu kuuliza, maana anayapenda mno. Asanteni sana.