Begi la kamera la kuingiza kila kitu: la mgongoni, la bega au la magurudumu?

Jicho_Pembeni
Wakuu, habari zenu. Begi langu la kamera limefika mwisho. Zipu imetoka meno, na sponji la chini limelala kiasi kwamba nikiliweka sakafuni nasikia lenzi ikigonga. Nataka jingine, na safari hii liwe begi moja linaloingiza vifaa vyangu vyote, maana nimechoka kubeba mawili halafu ninachokihitaji kinakuwa kwenye lile nililoliacha nyumbani.

Nimechuja nikabaki na aina tatu: la mgongoni la lita 30 linalofunguka upande wa mgongo, la bega la turubai, na la magurudumu lenye mpini wa kuvuta. Nina kazi baada ya wiki tatu, kwa hiyo sina muda wa kununua na kurudisha. Lipi nichukue? Nawasilisha.

Kina_Kifupi
Mkuu, swali lako ni nusu. "Vifaa vyangu vyote" ni vipi? Bodi ngapi, yaani kamera zenyewe bila lenzi, na zina gripu ya betri, kile kishikio cha chini cha kuongezea betri? Lenzi ndefu kuliko zote ni ipi? Laptopu ipo, na ni ya inchi ngapi? Unasafiri kwa ndege, gari au miguu? Bila hayo kila mtu hapa atakutajia begi analolipenda yeye.

MamaFlashi
Ongeza na urefu wa mgongo wako. Mimi ni mfupi. Nilinunua begi alilolisifu mwenzangu mrefu, mkanda wa kiunoni ukawa unanikaa chini ya nyonga, yaani kazi yake haufanyi kabisa. Mkanda ule unatakiwa ushike juu ya mifupa ya nyonga ndipo uzito utoke mabegani. Ukikaa pengine popote ni pambo.

Turubai_Daima
La bega, hutajuta. Jim Domke alikuwa mpigapicha wa gazeti la Philadelphia Inquirer huko Marekani. Miaka ya 1970 akaona mabegi ya wakati ule ni magumu kama masanduku, akatengeneza la kwake la turubai, ndiyo F-2 inayouzwa hadi leo. Halina sponji nyingi, linajilaza kwenye mwili, na mkono unaingia bila macho kuangalia. Billingham wa Uingereza nao walianza na mabegi ya wavuvi wa ndoana, wapigapicha ndio wakayageuza kuwa ya kamera. Begi la mvuvi na la mpigapicha lina sharti moja: ukihitaji kitu, ukipate sasa hivi. La mgongoni mpaka ulivue, uliweke chini, ufungue zipu, tukio limeshapita.

Kina_Kifupi
Turubai_Daima, hatujajua hata anabeba nini. Kwa bodi moja na lenzi mbili nakubaliana na wewe. Kwa kilo 10 kwenye bega moja kutwa nzima, hapana.

Jicho_Pembeni
Samahani wakuu, niliandika haraka. Bodi mbili, moja ina gripu ya betri. Lenzi kwa milimita (f ni uwazi wake) ni 24-70 f/2.8, 70-200 f/2.8, 85 f/1.8 na Sigma 150-600 ile ya Contemporary. Flashi mbili, laptopu ya inchi 15, tripodi, chaja na betri. Kazi yenyewe ni ndege kwanza, kisha gari, kisha siku mbili za kutembea kwa miguu.

Mizani
Nimekujumlishia kwa makadirio. 150-600 karibu kilo 2. 70-200 ichukulie kilo 1 na nusu, ingawa za kamera zisizo na kioo cha ndani cha kuakisi siku hizi zipo za kilo moja tu na ushee. 24-70 na 85 kwa pamoja kilo 1 na robo. Bodi mbili na gripu kilo 2. Flashi mbili na betri zake kilo moja. Laptopu kilo 2. Chaja na nyaya nusu kilo. Hapo tumefika kilo 10 na robo, begi halijahesabiwa. La mgongoni la ukubwa huo likiwa tupu lina kilo 2 hivi, tripodi kilo 2 nyingine. Kilo 14.

Mashirika mengi ya ndege kikomo cha mzigo wa mkononi ni kilo 7, mengine 10. Kwa hiyo kabla ya kuuliza begi gani, uliza nini kinabaki. La magurudumu ndilo litakuumiza zaidi, maana mpini na magurudumu pekee vinakula uzito na nafasi ya ndani kabla hujaweka hata kifuniko cha lenzi.

Jicho_Pembeni
Asante Mizani, sikuwahi kupima. Na nilisahau kusema nina droni ndogo pamoja na betri zake tatu.

Kina_Kifupi
Mkuu!

Sawa. Sasa sikia jambo ambalo tangazo la begi halikuambii: acha kusoma lita, soma kina cha ndani. Lita 30 zinaweza kuwa refu na jembamba. Mabegi mengi ya mgongoni ya kamera kina cha ndani ni sentimita 13 hadi 15. Bodi yako yenye gripu ina urefu wa sentimita 15 au zaidi kidogo kutoka chini hadi juu. Ukiilaza na lenzi ikiwa imefungwa, zipu itafunga kwa kusukumwa, na kila siku unakuwa unabana kitufe cha juu cha bodi. Chukua rula, pima kila kifaa kikiwa katika hali utakayokibebea: hudi, yaani kile kikombe cha mbele ya lenzi cha kuzuia mwanga, imegeuzwa, vifuniko viwili vimefungwa, na ule mguu wa lenzi kubwa wa kuifungia kwenye tripodi usiusahau.

Mshono_Mara_Tatu
Ngoja nami niseme yaliyonikuta, maana sijaona mtu akigusa mshono.

Nilikuwa na begi la mgongoni, kampuni siitaji. Zuri, vigawanyo vingi, kava la mvua, kila kitu. Mwezi wa 14 nikiwa nalo, nateremka ngazi za jengo moja baada ya kazi. Nilikuwa nimelishika kwa kishikio cha juu, mkono mmoja, maana gari lilikuwa pale pale chini na sikuona sababu ya kulivaa. Ndani mna bodi moja, 70-200, 24-70 na flashi. Zipu niliifunga ikafika nusu, kwa sababu niliamini nitaitoa kamera tena ndani ya dakika mbili.

Nilisikia sauti kama karatasi inayochanwa taratibu. Kisha mkono ukawa mwepesi. Begi lilitua kwa kona, likafunguka, 70-200 ikatoka na kuteremka ngazi nne ikiviringika. Nilisimama pale na kishikio mkononi. Filta ya mbele ilipasuka, pete ya filta ikabonyea, na pete ya chuma inayoshika bodi ikapinda. Fundi aliniambia kuinyoosha hakuna maana, ni kubadilisha pete na kupanga vioo upya. Kwa miezi miwili nilifanya kazi kwa lenzi ya kuazima.

Nilipowaandikia waliotengeneza, wakajibu kwamba ni uchakavu wa kawaida. Basi nikachukua wembe nikalipasua lile begi nilione. Mkanda wa kishikio ulikuwa umeingia ndani ya mshono kwa sentimita moja tu, umepigwa mstari mmoja wa uzi, na uzi wenyewe umeshona kitambaa, haukufika kwenye mikanda ya mabega. Kumbe kilo 6 zote zilikuwa zinaning'inia kwenye kitambaa. Na dalili zilikuwapo. Wiki tatu kabla niliona nyuzi mbili nyeupe zimechomoza pale pembeni, nikazikata kwa mkasi ili zisionekane.

Sasa hivi sinunui begi kabla sijaona mshono wa mraba wenye X katikati mahali ambapo mikanda inashika begi, na kabla sijapitisha kidole ndani kuhisi kama mkanda wa kishikio unaendelea hadi kwenye mikanda ya mabega. Nikifika nalo nyumbani najaza chupa za maji, lita 10 ni kilo 10, nalinyanyua kwa kishikio na kulitikisa mara 20. Likilia, linarudi siku hiyo hiyo.

Nuru_ya_Jioni
Pole sana ndugu yangu. Ila filta ndiyo iliyookoa kioo cha mbele. Hii ndiyo sababu nawaambia watu waweke filta ya kinga kila lenzi.

Turubai_Daima
Sikubaliani. Filta ni kioo chembamba, kinavunjika kwa pigo ambalo kioo cha mbele cha lenzi kingelistahimili. Na vipande vyake vinaweza kukwaruza lenzi yenyewe. Kinga ya kweli ni hudi ikiwa imefungwa upande wake wa kazi.

Nuru_ya_Jioni
Na kwenye chumvi ya bahari na vumbi? Hudi haizuii vumbi.

Turubai_Daima
Kwenye chumvi nakubali, weka filta. Ndani ya ukumbi inakuletea mwanga wa taa usio na kazi kwenye picha.

Mshono_Mara_Tatu
Wakuu, ya kwangu ilianguka ngazi nne. Sijui kilichookoa ni filta, hudi au Mungu. Turudi kwenye begi.

Mwendo_wa_Miguu
Jicho_Pembeni, umesema siku mbili za kutembea na hakuna aliyeligusa. Mimi naacha kabisa mabegi ya kamera kwa kazi ya namna hiyo. Nachukua begi la kawaida la kupandia milima, lenye fremu na mkanda wa kiunoni wa kweli, ndani natumbukiza kiboksi cha sponji chenye vigawanyo. Viboksi hivi vinauzwa peke yake. Ukifika unakitoa kiboksi, unakiweka kwenye gari au chini ya meza, begi linabaki la nguo na maji. Tena kwa macho ya mtu halionekani kama la kamera. Mgongo wangu ulipona tangu nibadilishe, na nilikuwa nimeshaanza kukataa kazi za mbali kwa sababu ya maumivu.

MamaFlashi
Naunga mkono hoja. Kasoro yake ni kwamba mengi yanafunguka juu tu, kwa hiyo kiboksi kikizama chini unafukua kila kitu. Tafuta linalofunguka na mgongoni. Faida nyingine ya kufungukia mgongoni ni kwamba ukililaza kwenye tope, upande unaochafuka si ule unaogusa shati lako, na kwenye msongamano hakuna anayeweza kukufungulia zipu ukiwa umelivaa.

Mizani
Kwa upande wa ndege: betri za akiba zote, za kamera na za droni, zinakaa na wewe mkononi, haziingii kwenye mzigo wa tumboni mwa ndege. Kipimo ni wati-saa. Zidisha volti kwa ampea-saa. Betri ya Canon LP-E6N kwa mfano ni volti 7.2 na mAh 1865, yaani ampea-saa 1.865, inatoka kama wati-saa 13 na nusu. Chini ya 100 hakuna shida, kati ya 100 na 160 unaomba ruhusa kwa shirika. Ncha zake uzifunike kwa plasta au kila betri kwenye kifuko chake. Kwa hiyo hata ukiamua kutuma vitu vingine chini kwenye kasha gumu, acha mfuko wa betri ambao unachomoka kwa mkono mmoja.

Nuru_ya_Jioni
Hapo kwenye kasha gumu Mizani umenikumbusha. Pelican 1510 je? Lina magurudumu na haliingii maji.

Mizani
Ni imara kweli, ila tupu linakaribia kilo 6. Kwa mtu mwenye kikomo cha kilo 7 hilo limeshamaliza hesabu. Na siku ya kutembea atalibebaje?

Uvungu_Mkavu
Naingilia kidogo. Begi lolote utakalonunua, usiligeuze kabati. Niliacha lenzi mbili ndani ya begi lililolowa mvua, kava nilikuwa nimelirudisha likiwa bichi kwenye mfuko wake wa chini. Baada ya miezi mitatu nikakuta nyuzi nyeupe kama utando wa buibui kwenye kioo cha ndani. Sponji linashika maji kwa muda mrefu kuliko unavyodhani. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 70 kwa muda mrefu ukungu unaota. Mimi nahifadhi lenzi kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko wa kubana, silika geli, zile chembe za kufyonza unyevu, ndani na kipima unyevu, nalenga asilimia 40 hadi 50.

MamaFlashi
Silika geli yako unaikaushaje?

Uvungu_Mkavu
Ile ya rangi ya chungwa ikigeuka kijani naiweka kwenye oveni, nyuzi 110 hadi 120 za Selsiasi, saa mbili hivi, inarudi. Ya bluu inayogeuka waridi naiepuka, ina kobalti, si kitu cha kuweka kwenye oveni ya chakula.

Jicho_Pembeni
Wakuu, nimerudi. Nimefanya alivyosema Kina_Kifupi. Nimebandika utepe sakafuni kwa vipimo vya ndani vya lile la mgongoni, sentimita 28 kwa 44, nikapanga vifaa. La magurudumu nimeliondoa. La bega litanifaa siku za mjini lakini si safari hii. Flashi moja inabaki, 85 inabaki. Laptopu nayo nafikiria kuiacha.

Tatizo ni kina, begi lina sentimita 14. Ile 150-600 ikilala na mguu wake wa tripodi inazidi. Nimeigeuza kila upande.

Kina_Kifupi
Ile pete yenye mguu inatoka kwenye lenzi. Legeza skrubu yake, uivue, uiweke pembeni ya begi pamoja na chaja.

Mwendo_wa_Miguu
Au chukua kiboksi cha kina cha sentimita 18 uweke kwenye begi la milima, huhitaji kuvua chochote.

Jicho_Pembeni
Nimeivua. Imelala vizuri, juu imebaki nafasi ya vidole viwili. Sasa droni ndiyo haina pa kukaa. Mwendo_wa_Miguu, hicho kiboksi cha sentimita 18 upana wake wa ndani ni ngapi?