Naomba ushauri: nianzie wapi kujifunza kanuni za dizaini, ya kuchapa na ya tovuti?

Kijana wa Goba:
Habari za jioni wakuu. Programu mbili tatu za dizaini nazimudu, ila kazi zangu zikitoka hazina mvuto na sijui kinachokosekana. Rangi nzuri naweka, fonti nzuri naweka, mwisho wa siku vinagombana. Nataka kanuni zenyewe, za karatasi na za tovuti. Nianze na ipi? Nahitaji kuelewa haraka kidogo. Nawasilisha.

Mama Fonti:
Anza na maandishi, rangi zitakungoja. Fonti mbili zinatosha, na hata moja ikiwa na uzito tofauti, nene na nyembamba. Kwa karatasi ya A5 maelezo yawe pointi 9 au 10, nafasi ya mstari hadi mstari pointi 12 au 13, vichwa vidogo 14, kichwa kikuu 24 au zaidi. Ukiweka 10, 11 na 12 pamoja, jicho halijui kipi ni kikubwa, linaona fujo tu. Mstari uwe na herufi 45 hadi 75. Na usinyooshe maandishi pande zote mbili! Maneno yetu ni marefu, na programu nyingi hazijui kuyakata kwa Kiswahili, kwa hiyo zinaacha mashimo meupe katikati ya mistari. Nyoosha kushoto tu. Ukilazimika kukata neno, kata baada ya irabu.

Mzee wa Kazi:
"Haraka kidogo." Vijana wa siku hizi bwana. Hata wali hauivi kwa haraka kidogo.

Pwani Tulivu:
Mwache Mzee. Kijana, tandika kanga uitazame. Pindo linazunguka na kufunga kila kitu ndani, mji una pambo lenye nafasi ya kupumua, jina ni mstari mmoja wa herufi kubwa, na unajua pa kulitafuta kabla hujalisoma. Rangi mara nyingi ni mbili au tatu. Mpangilio, marudio, ukinzani (yaani tofauti kali, kama ya giza na mwanga), nafasi tupu, vyote vimo humo. Wengi wanaoanza wanakosea kwenye nafasi tupu: wakiona pamebaki wazi wanabandika nyota.

Fundi Pleti:
Kijana, haraka ya nini? Kuna kazi ya mtu mezani? Sema, maana ushauri wa kusoma ni mwingine na wa kuokoa kazi ni mwingine.

Kijana wa Goba:
Ipo ndiyo, lakini hiyo haina shida. Kipeperushi cha shule, A5 pande mbili, nakala 2,000, pamoja na ukurasa wa tovuti. Vinatakiwa Ijumaa. Dizaini imeshaisha na mkurugenzi kaipenda, bluu kali na kijani cha limau. Mimi naulizia kanuni tu.

Fundi Pleti:
Mchapaji umempa faili gani?

Kijana wa Goba:
PNG, nimemtumia kwa WhatsApp. Pikseli 1080 kwa 1350. Kwenye simu inang'aa vizuri kabisa na mchapaji hajalalamika.

Fundi Pleti:
Inang'aa kwa sababu simu inatoa mwanga. Karatasi haitoi mwanga, inarudisha tu ule unaoipiga. Sasa nifuate:

Rangi. PNG haina CMYK, yaani wino nne za kuchapia (sayani, majenta, njano na nyeusi), ni RGB tu, rangi za mwanga wa kioo. Mashine ikibadilisha yenyewe, bluu yako kali itageuka zambarau, kwa kuwa inapata sayani asilimia 100 na majenta asilimia 100 au karibu na hapo. Weka mwenyewe: sayani 100, majenta 60 au 70. Kijani cha limau cha kwenye kioo hakipo kwenye wino wa kawaida. Cha karibu ni sayani 50 au 60, njano 100, majenta sifuri. Majenta ikiingia hata kidogo kijani kinachafuka.

Maandishi meusi. Yawe nyeusi 100 peke yake. Yakitengenezwa kwa wino nne, pleti moja (bamba la kuchapia, kila wino una lake) ikisogea nywele moja tu, herufi ndogo zinaota kivuli cha rangi.

Kipimo. A5 ni milimita 148 kwa 210. Ongeza blidi, yaani rangi inayovuka mstari wa kukatia, milimita 3 kila upande, faili iwe 154 kwa 216. Kwa pikseli 300 kwa inchi hiyo ni kama 1,819 kwa 2,551. Bila blidi, kisu kikiyumba utaona uzi mweupe pembeni. Maandishi yakae milimita 5 ndani ya mstari wa kukatia.

Faili. Peleka PDF yenye fonti ndani yake, au herufi zilizogeuzwa kuwa michoro. Canva ya bure haitoi CMYK. Programu ya Scribus ni ya bure na inatoa. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti. Ukituma kama picha inabanwa.

Chai Haina Sukari:
Jamani mnahangaika na chai hii. 1080 kwa 1350 ni uwiano wa 1.25. A5 ni 1.42. Faili hilo haliwezi kujaa A5, ni kipimo cha posti ya Instagram. Halafu mchapaji gani anapokea hivyo asiulize? Mtoa mada anatunga, anataka darasa la bure.

Mzee wa Kazi:
Nilihisi. Ijumaa, mkurugenzi, limau. Kama filamu.

Pwani Tulivu:
Hata kama ni chai, majibu si chai. Mtu mwingine atayasoma.

Kijana wa Goba:
Si chai. Mchapaji alisema ataivuta kidogo ijae. Na usiku huu anachoma pleti, ndiyo maana nilisema haraka. Mwenye oda kaidhinisha, mimi nibadilishe kwa lipi?

Fundi Pleti:
"Kidogo" hiyo ni zaidi ya asilimia 13 kwa urefu. Nembo ya shule ni duara?

Kijana wa Goba:
Ndiyo.

Chai Haina Sukari:
Basi itatoka yai. Sawa, naamini nusu. Weka picha ya kipeperushi, ficha jina la shule.

Kijana wa Goba:
Nitaweka. Upande wa nyuma una jedwali la ada, maandishi meupe juu ya kijani. Inapendeza.

Mama Fonti:
Ada! Kitu ambacho mzazi anakitafuta kwanza ndicho ukakificha. Nyeupe juu ya kijani cha limau, #32CD32 kwa mfano, ina ukinzani wa kama 2.1 kwa 1. Kwa tovuti kiwango cha WCAG, mwongozo wa kufanya tovuti zisomeke na kila mtu, ni 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, 3 kwa 1 kwa makubwa. Weka bluu iliyokoza juu ya nyeupe, kijani kibaki kwenye mstari wa pembeni. Kwenye tovuti maelezo yasipungue pikseli 16, nafasi ya mistari 1.5, kitufe cha "Jiunge" kiwe na kimo cha pikseli 44 ili kidole kisikose. Na jedwali la ada liandikwe kama maandishi. Likiwa picha, mzazi mwenye simu ndogo hasomi, na Google nayo haisomi vizuri.

Mzee wa Kazi:
Umepokea hela ya mtu kabla ya kujua kazi. Hilo ndilo la kujadili.

Kijana wa Goba:
Nusu tu nimepokea. Nimempigia mchapaji. Kachoma pleti za upande mmoja, ule wa nyuma.

Fundi Pleti:
Wenye ada. Pleti nne hizo zitupwe, mlipie nyingine. Ukimpa PDF sahihi ya pande zote, mwambie apange mbele na nyuma kwenye seti moja ya pleti nne mpya: karatasi ya SRA3, kubwa kidogo kuliko A3, inabeba A5 nne, mbili mbele mbili nyuma, anachapa, anageuza, anachapa tena. Karatasi 500 na akiba kidogo ya kuharibika zinatosha nakala 2,000. Gharama uliyopoteza utairudishia hapo. Kabla mashine haijawaka, mwombe sampuli moja ya karatasi, mkurugenzi aisaini hiyo. Alichokipenda kwenye simu hakitatoka vile.

Kijana wa Goba:
Na akisema kijani kimefifia?

Fundi Pleti:
Kuna wino maalumu unaong'aa, ila ni pleti ya tano na bei yake. Mpe bei, aamue yeye.

Chai Haina Sukari:
Picha bado hujaweka.