Mrejesho: rilei ya feni ya rejeta iliyokuwa ikiungua

Wakuu, niliuliza kwa nini rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) ya feni ya rejeta ya gari inaungua kila ikibadilishwa. Asanteni sana, tatizo limekwisha. Chanzo kilikuwa soketi ambamo rilei huchomekwa: vishikio vya pini 30 na 87, zinazopitisha umeme wa feni, vilikuwa vimelegea na kuwa vyeusi. Mguso hafifu huongeza ukinzani, ukinzani huzaa joto, na joto huyeyusha plastiki hata rilei iwe bora namna gani.

Sasa kuna soketi mpya, waya wa milimita 4 za mraba, fyuzi ya ampea 30 karibu na betri, na rilei ya ampea 40 iliyozibwa dhidi ya maji. Feni hula ampea 18 ikizunguka, ila inapoanza huvuta mara kadhaa ya hapo. Rilei ya ampea 20 isingedumu.

Kupima: feni ikizunguka, gusisha multimita (kipima umeme) ikiwa kwenye volti nyuma ya soketi, pini 30 na 87. Ikizidi volti 0.2, mguso umechoka. Koili, yaani waya uliozungushwa unaowasha rilei (pini 85 na 86), rilei ikiwa imechomolewa, kwa kawaida husoma ohmu 70 hadi 100. Rilei yenye diodi ndani (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu), fuata mchoro wa kwenye ganda. Ukigeuza chanya na hasi, diodi inaungua.