Picha za makomando za Waingereza: Navarone, Telemark au Cockleshell Heroes?

Mwanatanga
Salaam wakuu. Baba yangu ana miaka 79. Alikuwa baharia wa majahazi, na ujanani picha ya vita haikuletwa mjini akaikosa. Mwezi huu yuko kwangu na nimemwahidi picha moja Jumamosi usiku, ile aina ya zamani: makomando wachache wa Kiingereza wanatumwa nyuma ya adui kulipua kitu. Moja tu, maana saa nne ikigonga mzee anasinzia. Nimechuja zimebaki tatu.

Cockleshell Heroes ya 1955. José Ferrer ndiye mwongozaji na ndiye stelingi, yuko na Trevor Howard. Askari wa majini wanapiga makasia usiku kuingia mto Gironde, Ufaransa, wakabandike mabomu ya sumaku kwenye meli za Wajerumani bandarini Bordeaux.

The Guns of Navarone ya 1961. Gregory Peck, David Niven, Anthony Quinn. Mizinga miwili mikubwa iko ndani ya mwamba kwenye kisiwa cha Ugiriki, na askari 2,000 wa Kiingereza wamekwama kisiwa cha jirani.

The Heroes of Telemark ya 1965. Kirk Douglas na Richard Harris, theluji ya Norwe, kiwanda cha maji mazito ambayo Wajerumani waliyahitaji kwa utafiti wao wa nyuklia.

Moyo wangu uko kwenye ya kwanza. Tumekulia kwenye picha ambazo stelingi hafi, na akifa mwenzake anakufa mikononi mwake akiwa na maneno ya kusema. Hii haikunifanyia hivyo, na usiku ule nilikaa muda mrefu kabla ya kulala. Lakini mke wangu anasema mzee atafurahia Navarone zaidi. Nipeni hoja.

Fundi_Mitambo
Navarone, mkuu, na shemeji yuko sahihi. Ukiacha milipuko (ilipata Oscar ya madoido maalumu, na kwa wakati ule ilistahili), kuna jambo la Franklin. Franklin ni meja aliyevunjika mguu, wenzake wanambeba kwenye machela. Peck, anayecheza Mallory, anamwambia mpango umebadilika, kwamba shambulio litakuja kutoka baharini. Ni uongo. Anajua jamaa atakamatwa, atachomwa sindano ya kumfungua mdomo, na atawapa Wajerumani ule uongo akiamini ni kweli. Niven anapogundua anamkabili mkubwa wake uso kwa uso. Mimi sijaona picha nyingi za vita zinazowauliza watu wetu wenyewe swali zito namna ile.

Halafu mwisho. Niven anatega baruti mara mbili: ya kuonekana, ambayo Wajerumani wanaikuta na kuitoa, na ya kufichwa kwenye shimo la lifti inayopandisha makombora. Lifti inashuka, haigusi. Inapanda. Inashuka tena. Nimeiangalia mara nyingi na bado nashika kiti.

Kasoro yake ni urefu, inazidi saa mbili na nusu. Kwa mtu wa kusinzia saa nne, anzeni mapema.

BintiLamu
Mwanatanga, mpe mzee shikamoo zangu. Fundi, hilo la Franklin sikupingi hata kidogo. Ila tazama anayeonyeshwa ni nani: baharia. Navarone bahari yake ni dhoruba moja mwanzoni, chombo kinavunjika miambani, basi, wanapanda mlima. Cockleshell ni maji mwanzo hadi mwisho.

Na mkasa wenyewe, Operesheni Frankton ya Desemba 1942, mwana wa pwani anauelewa bila kufafanuliwa. Mitumbwi ilikuwa sita, ya kukunjwa, kila mmoja watu wawili. Mmoja ulichanika wakati wa kuutoa kwenye nyambizi Tuna, kwa hiyo usiku wa tarehe 7 waliteremka watu kumi kwenye mitano. Kabla hata hawajauingia mto wakakutana na mkondo, pale maji yanayojaa yanapogongana na yanayotoka. Mtumbwi mmoja ukapotelea hapo. Mwingine ukapinduka kwenye mkondo uliofuata, na wale wawili baridi iliwaua. Waliobaki walipiga makasia usiku maji yakijaa, yakianza kupwa wanajificha kwenye matete, mchana kutwa hawasogei. Hakuna injini inayokuokoa. Ukikosea saa ya maji umekwisha.

Mzee aliyewahi kusubiri maji ili avuke mlango wa Pangani, hayo atayaona kabla yenu nyote.

Mwl_Historia
Naingia kuitetea Telemark, au niseme kukitetea kisa chake, maana picha yenyewe imekipunja.

Waliovamia kiwanda cha Vemork usiku wa kuamkia 28 Februari 1943 walikuwa Wanorwe, waliofunzwa Uingereza. Kiongozi wa kikosi kikuu, Joachim Rønneberg, alikuwa na miaka 23. Kundi lililotangulia lilikuwa limekaa nyikani majira yote ya baridi likila kuvu wa mawe mpaka lilipompiga kulungu karibu na Krismasi. Daraja la kuingilia kiwandani lilikuwa na walinzi, kwa hiyo walishuka bondeni, wakavuka mto ulioganda, wakapanda upande wa pili wakafuata reli. Ndani walimkuta mlinzi mmoja Mnorwe. Utambi ulipokuwa tayari kuwashwa, mzee yule akasema miwani yake imepotea, na wakati wa vita miwani ilikuwa haipatikani. Wakasimama wakamtafutia. Kisha Rønneberg akawasha utambi alioukata uwe wa sekunde 30 badala ya dakika mbili, ili awe na hakika umelipuka kabla hajaondoka. Hakuna risasi iliyopigwa. Hakuna aliyekamatwa. Watano wakateleza kwa ski karibu kilomita 400 hadi Uswidi.

Sasa nenda kaangalie picha. Wamemfanya Kirk Douglas mwanafizikia, wakamtilia na mke waliyeachana. Mahali pamepigwa vizuri, ni Rjukan kwenyewe, kilipokuwa kiwanda, na mwendo wa ski unapendeza. Ila kisa cha miwani ni kikubwa kuliko hayo mapenzi yote.

Mwanatanga
Mwalimu, cha miwani sikukijua na nitambebea mzee hata tukichagua nyingine. Lakini kinachonikwaza Telemark ni mwisho, ile feri. Kirk Douglas anapanda feri anayojua ina bomu, anawakusanya watoto nyuma, anawafanyia mchezo wa kuvaa maboya, wanaokoka. Kweli ilikuwaje?

Mwl_Historia
Ilikuwa nzito kuliko hivyo. Feri Hydro ilizamishwa ziwa Tinn tarehe 20 Februari 1944, ikiwa na mapipa ya maji mazito yaliyokuwa yakipelekwa Ujerumani. Walikufa 18, na 14 kati yao ni Wanorwe wa kawaida. Knut Haukelid, mmoja wa wale wa Vemork, na wenzake walitega bomu wakijua kutakuwa na abiria. Walichoweza kufanya ni kupanga lilipuke mahali penye kina, na siku ya Jumapili ambayo watu ni wachache. Hakupanda mtu wa kuwavalisha watoto maboya. Hapo nakubali, picha ilijificha.

Na kabla ya Rønneberg kulikuwa na jaribio la Waingereza la Novemba 1942, askari wahandisi kwenye ndege mbili zisizo na injini zilizovutwa kwa kamba. Zote mbili zilianguka. Walikufa 41, wakiwemo waliokamatwa wakiwa hai na kuuawa kwa amri ya Hitler ya Oktoba mwaka huo, kwamba komando akikamatwa asiachwe hai hata akiwa na sare. Picha nzima ingeweza kutengenezwa kwa hilo peke yake.

Mwanatanga
Ndiyo amri iliyowamaliza wa Bordeaux vilevile. Kati ya wale kumi, sita walipigwa risasi, wawili waliuawa na baridi, na waliorudi ni wawili: Meja Hasler, kiongozi wao, na Bill Sparks. Cockleshell haikukwepa. Inakuonyesha mateka wakisimamishwa ukutani huku mabomu yao wenyewe yakilipuka bandarini. Hili ndilo ninalolisema tangu juu. Navarone inalipia ushindi kwa kiasi unachoweza kukistahimili, Telemark inakufutia sehemu ya deni. Hii ya 1955, ndogo, isiyo na fedha nyingi, inakuletea hesabu yote.

Fundi_Mitambo
Lakini usiitakase, mkuu. Nusu ya kwanza ni kambi, mazoezi na vituko vya ulevi, mpaka unajiuliza vita iko wapi. Ugomvi wa Ferrer na Trevor Howard nao ni wa kutungwa: Hasler halisi ndiye aliyewaza mpango, akawafunza vijana wake, akaenda nao. Na wale sita hawakuuawa pamoja wala siku moja. Wawili waliuawa karibu na Bordeaux usiku uleule wa shambulio, wengine miezi kadhaa baadaye.

Mwanatanga
Kweli, siku wameibana. Vituko pia sivitetei. Ila Trevor Howard namtetea. Kapteni aliyezeeka bila kupandishwa cheo, kila siku anakunywa, kisha mtu mmoja anapoumia anaomba nafasi hiyo iwe yake. Ule uso wake anapopokea kasia umebeba picha nzima.

Nyota ya Kusi
Mbona hakuna aliyetaja The Bridge on the River Kwai? Ya 1957, nayo ina makomando wa kulipua. Babu yangu alikuwa Keya, askari wa Kiafrika wa jeshi la Waingereza, alipigana Burma na Divisheni ya 11 mwaka 1944, na picha yoyote ya upande ule ikionyeshwa alikuwa anakuja na kiti chake.

Mwl_Historia
Mungu amrehemu babu. Picha ni kubwa mno, ila kwa swali la hujuma haimo: makomando wale ni wa kutungwa. Daraja la kweli, upande wa Thailand, liliharibiwa na ndege mwaka 1945. Tena uzito wake uko kwa kanali wa Alec Guinness anayelipenda daraja alilomjengea adui.

BintiLamu
Kuna moja ya Frankton ambayo picha haikuigusa. Wakati Hasler anapiga makasia, kulikuwa na mawakala wengine wa Waingereza palepale Bordeaux, chini ya Claude de Baissac, wanajiandaa kuzilipua meli hizohizo. Idara mbili za nchi moja, hazikuambiana. De Baissac alijua aliposikia milipuko. Nikiwakumbuka wale vijana waliokufa kwa baridi mlangoni mwa mto, hili linaniuma hadi leo.

Mwanatanga
Tumeangalia jana. Cockleshell. Vituko vya kambini alivicheka, mke wangu pia. Mitumbwi ilipoteremshwa akanyamaza, akasogeza kiti. Katikati ya mto akasema, "Huyo wa mbele anaharakisha, maji hayajamgeukia." Saa nne ilipita hakusinzia. Baada ya ile ya ukutani aliniuliza swali moja sikuwa na jibu: wale wawili waliobaki walitokaje, wakati mitumbwi wameizamisha na Kifaransa cha kubabaisha?

BintiLamu
Mwambie walitembea. Karibu kilomita 160 hadi mji wa Ruffec, wakiwa na nguo za kuombaomba kwa wakulima. Waliingia mkahawa mmoja, Hasler akaagiza supu, akaandika kikaratasi kwamba ni wanajeshi wa Kiingereza waliotoroka, akakipitisha pamoja na fedha. Mwenye mkahawa angeweza kuita Wajerumani. Aliwaficha. Kutoka hapo wakapokelewa na watu wa Mary Lindell, mama Mwingereza aliyekuwa akiwapitisha waliotoroka, wakavuka milima hadi Hispania na mwishowe Gibraltar. Hasler alirudi kwao Aprili 1943.

Mwanatanga
Nimemsomea. Anauliza supu ilikuwa ya nini.