Tupeane uzoefu: kazi za vikundi kwa wiki (kurasa za kuandika na kuhariri pamoja) kwenye kozi za mtandaoni

Mkufunzi_Ubungo: Wadau mnaofundisha kwa Moodle, ule mfumo wa kozi za mtandaoni, hapa Dar, habari za kazi. Tuweke mbinu, malalamiko baadaye. Naanza: kabla ya kuhifadhi mipangilio, chagua wiki ya ushirikiano, si ya mtu mmoja mmoja, kisha weka vikundi vilivyotengana. Hali ya ushirikiano na jina la ukurasa wa kwanza havibadiliki tena, kwa hiyo usiandike "jaribio".

Mama_Kozi: Kundi liwe la watu wanne au watano. Wakifika kumi, watatu wanaandika, saba wanasubiri alama. Pia gawa kurasa. Mada ikiwa mafuriko ya Jangwani, mwanafunzi anaandika [[Mafuriko ya Msimbazi]] ndani ya mabano mraba mawilimawili, anahifadhi, anabonyeza kiungo, ukurasa unafunguka. Mwenzake akiandika "Mafuliko", ameshazaa ukurasa wa pili, na kundi linaanza kuulizana kazi imeenda wapi.

Fundi_LMS: Mama umenena. Niongeze: Moodle hufunga ukurasa mtu anapouhariri, wa pili anaambiwa asubiri. MediaWiki, ile inayoendesha Wikipedia, haifungi. Wote wanaandika, na anayechelewa kuhifadhi anaonyeshwa mgongano auunganishe mwenyewe. Dawa ni moja kotekote: kila mtu na sehemu yake, ahifadhi kila aya. Tanesco wakikata au bando likiisha kabla hujahifadhi, imekula kwako. Aya ndefu ziandikwe kwanza kwenye notisi za simu. Ukinakili kutoka Word, bandika maandishi matupu, la sivyo yanakuja na takataka za fonti.

Mwl_Temeke: Na usahihishaji je?

Mama_Kozi: Mwalimu, fungua historia, linganisha toleo la zamani na jipya. Usihesabu mahariri: anayehifadhi kila sentensi ataonekana mchapakazi, na aliyefuta aya mbili zinazojirudia ataonekana mvivu, kumbe ndiye aliyefanya kazi ngumu. Kundi likikaa kwenye kompyuta moja, historia itataja jina moja tu, kwa hiyo kila mtu aingie kwa akaunti yake. Alama utaongeza mwenyewe kwenye daftari la alama, wiki yenyewe haina mahali pake.

Fundi_LMS: Halafu kwenye maelekezo andikeni "juma la kwanza". "Wiki ya kwanza" watadhani ni ukurasa.