Nyumba, hatifungani au UTT: kipi kinafaa kwa mfuko wa kudumu wa chuo?

Chaki Nyeupe
Wakuu, habari za jioni. Mama yangu mdogo ni mwalimu mstaafu. Anataka akiondoka aache kitu pale chuoni alikosomea ualimu, kilipie ada vijana wasio na uwezo mwaka hadi mwaka bila mtaji kuguswa. Yuko njia panda: aandike wosia nyumba iende chuoni, anunue hatifungani za serikali (yaani aikopeshe serikali kwa riba), au aweke UTT, ile mifuko ya uwekezaji wa pamoja? Jumamosi tunakwenda kwa wakili. Nawasilisha.

Karani Mstaafu
Mleta mada umeficha mengi. Nyumba ina hati? Mama ana watoto? Dini gani? Chuo ni cha nani?

Binti Saadani
Dini ni la kwanza. Kwa Muislamu wasia hauvuki theluthi ya mali. Bora wakfu, autoe akiwa hai na afya yake. Al-Azhar imevuka miaka elfu, na kwa karne nyingi iliendeshwa na mapato ya mali za wakfu.

Chaki Nyeupe
Ni Mlutheri, dada. Hati ipo.

Mhasibu Mtoro
Hatifungani, mjadala ufungwe. Milioni 40 kwenye ya miaka 25 yenye riba ya 12.56%, tuseme zile zilizotolewa 2022 riba ziliposhushwa, inatoa 5,024,000 kwa mwaka, nusu kila miezi sita, wala haikatwi kodi ya zuio. Mpangaji gani atakulipa hivyo bila kudai umpakie rangi? Waliowahi kabla ya hapo walipata 15.95%. Mimi nilikuwa bado natafakari.

Karani Mstaafu
Baada ya miaka 25 unarudishiwa milioni 40 zile zile. Bei zikipanda 3% tu kwa mwaka, hazitanunua hata nusu ya zinachonunua leo. Robo ya riba irudi kwenye mtaji, la sivyo mnakula mbegu.

Mhasibu Mtoro
Robo? Ada italipwa na nini?

Mama Kibena
Mnapiga hesabu, mimi niwaambie yaliyotukuta. Marehemu baba alisimama kwenye mahafali ya shule moja akasema nyumba yake ya mjini ni ya shule. Vigelegele, picha, jina likaandikwa ukutani. Karatasi hata moja hakuna. Alipofariki, kaka mkubwa akashika funguo. Shule nayo ikagundulika haina bodi ya wadhamini iliyosajiliwa, kwa hiyo hata sisi tuliokubali hatukujua hati ihamishiwe kwa nani. Kikao cha ukoo, kisha mahakamani, miaka sita. Wapangaji wakahama, mabati yakang'olewa upande mmoja, dari likajaa popo. Mpaka leo mimi na kaka tunasalimiana misibani tu. Kabla ya wakili, ulizeni chuo kama kina wadhamini waliosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini. Hukohuko wanaandika wosia na kuutunza.

Chaki Nyeupe
Pole sana mama. Chuo ni cha serikali. Watoto wapo wawili, hawajaambiwa.

Karani Mstaafu
Hawajaambiwa! Si ungeanza na hilo?

Kijiwe Nongwa
Chuo cha serikali kisaidiwe cha nini? Wapwa zake wameisha?

Binti Saadani
Wapwa ndio hao wanaosoma vyuo vya serikali, kaka.

Mhasibu Mtoro
UTT hatujaigusa. Mfuko wa Jikimu unatoa gawio, na vipande, yaani sehemu zako ndani ya mfuko, vinauzwa ukitaka pesa. Ila urahisi huo ndio unaonitisha: mweka hazina akibanwa, mtaji umeyeyuka.

Kijiwe Nongwa
Kumbe waweka hazina unawajua vizuri.

Mhasibu Mtoro
Taja unachojua au nyamaza.

Chaki Nyeupe
Mrejesho: wakili amesogeza hadi Jumatano. Mama mdogo sasa anasema nyumba waachiwe watoto, chuo kipate kiinua mgongo kilichobaki. Kiasi hataki kutaja, hata kwangu.

Karani Mstaafu
Sasa tulinganishe nini?

Kijiwe Nongwa
Mama Kibena, hao popo mliwatoaje? Kwangu wameingia tangu masika.

Mama Kibena
Hawajatoka.