Babu MacKay wa Sutherland: nianzie wapi kumtafuta?

Mtanga wa Halifax
Ndugu zangu, salaam. Mimi mzaliwa wa Tanga, nimeolewa huku Nova Scotia, Kanada. Kwa upande wangu wanangu wanawataja mababu hadi wa sita. Kwa baba yao wanaishia kwa Donald MacKay, aliyezikwa Pictou, huku huku Nova Scotia. Jiwe la kaburi linasema alizaliwa parokia ya Farr, Sutherland, Uskoti, akafariki 1872 akiwa na miaka 77. Wanawe kwa kufuatana ni Hugh, Angus, na Donald, somo wa baba yake. Baba mkwe anashikilia kwamba mzee alikuja na meli ya Hector mwaka 1773. Nataka sana kuwajua waliomzaa. Orodha ya abiria nitaipata wapi?

Karani Mstaafu
Dada, hesabu miaka kwanza. Wa miaka 77 mwaka 1872 alizaliwa kama 1795, na Hector ilishatia nanga Pictou miaka ishirini na zaidi kabla yake. Achana na orodha ile. Farr ndiko liliko bonde la Strathnaver, ambako watu walifukuzwa 1814 na tena 1819, nyumba zikatiwa moto ili ardhi iwe malisho ya kondoo. Msimamizi wa ardhi hiyo, Patrick Sellar, alishtakiwa Inverness 1816, akaachiwa huru. Donald alikuwa kijana wakati huo, nami ningeanzia hapo. Tena, Nova Scotia iliandikisha vifo kati ya 1864 na 1877, kisha ikaacha hadi 1908. Una bahati na 1872! Nenda nyaraka za jimbo, ziko hapo hapo Halifax, uone kama wazazi wametajwa.

Mnyeri wa Glasgow
Mama, tazama majina ya hao vijana. Waskoti wa zamani walitaja watoto karibu kama sisi Wakikuyu: wa kwanza babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama; ila kwao wa tatu ni baba mwenyewe. Basi huenda baba yake Donald ni Hugh, na baba mkwe wake ni Angus. Kwa mabinti pia tunaachana njia: wa kwanza hupewa jina la bibi mzaa mama.
Usitafute kwa ubini peke yake, maana Strathnaver ilikuwa nchi ya akina MacKay. Tafuta baba na mama pamoja. Rejista za ubatizo za Uskoti kwa kawaida humwandika mama kwa ubini wa kwao. Ziko kwenye tovuti ya ScotlandsPeople: kutafuta ni bure, kufungua ukurasa wenyewe unalipia.

Mtanga wa Halifax
Mwanangu, Mungu akuzidishie. Binti wao wa kwanza ni Barbara.

Mnyeri wa Glasgow
Basi mkewe mtafute kama binti wa Angus na Barbara, hapo Farr na parokia jirani ya Tongue. Na ndoa yao uitafute pande zote mbili za bahari, kuanzia 1814.